Mume Haulizwi Atokako

Kule mjini Kanye, bibi arusi hafundwi mpaka wasioolewa watolewe nje. Tshenolo aliolewa mwaka jana, kwa hiyo safari hii alibaki ndani, amejitanda blanketi na kunyoosha miguu mkekani kama wenzake. Shoga yake Boikanyo, bibi arusi, aliketi katikati, kichwa chini. Mfundaji alikuwa mama mzazi wa Tshenolo, bingwa wa kazi hiyo mji mzima.

“Sikiliza, mwanangu. Mume haulizwi atokako. Akirudi, mtengee chakula, basi.”

“Mpe, mpe!” wanawake wakaitikia.

Tshenolo alifundwa hayohayo, akayameza. Boikanyo akainua uso.

“Na asiporudi, mama?”

“Ala! Mdomo gani huo?” shangazi yake akafoka. “Unataka turudishe ng’ombe wa mahari?”

Mama Tshenolo hakufoka. Alilivuta blanketi lake mabegani, polepole.

“Asiporudi, utangoja. Mimi wangu alikwenda migodini, sikumuuliza anarudi lini. Mwaka wa ishirini na mbili huu, sijui hata kama yu hai.”

Tshenolo aligeuka kumtazama mama yake. Ufundi wa kufundwa ni kunyamaza, naye alijua, lakini mdomo ulikwisha kufunguka.

“Mama,” alisema, “kwenye lile kaburi la baba tunalopalilia mimi na wewe kila Pasaka, amelala nani?”