Mbili na Nusu ya Borghild

Saa nne asubuhi, akicheza karata na mwenzake kando ya dirisha lililoganda barafu, Borghild Nygaard alikiweka kikombe cha kahawa kisahanini, taratibu kisigonge, akajishika kifua. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Ardis Tollefson, jirani yake kwa miaka sita katika nyumba ile ya wazee huko Minnesota, alipoliona akatupa karata. Marehemu mumewe alitoka jasho kama lile, na hakuifikia jioni.

"Trista! Njoo mbio!"

Trista, mhudumu wa zamu, alikuja na fomu. Kanuni ya nyumba ni kwamba mgonjwa aulizwe maumivu yake ni ngapi kati ya kumi. Kuanzia saba, gari la wagonjwa linaitwa. Chini ya saba, anasubiriwa muuguzi, naye hufika saa nane mchana.

"Bibi Borghild, ni ngapi?"

Borghild alilelewa shambani, kwa watu ambao mtu akikatwa kidole na mashine huomba radhi kwa kuchafua sakafu.

"Aa, si mbaya, mwanangu. Tuseme mbili."

"Mbili! Uso umekuwa majivu! Sema saba, shoga."

"Saba ni kujidai, Ardis. Wapo wenye saba zao za kweli."

"Tano basi!"

"Haya, mbili na nusu, usininunie. Watu watolewe nje kwenye baridi yote hii kwa ajili yangu?"

Trista akaandika mbili na nusu.

"We mtoto, huna macho?"

"Ninayo, bibi. Mwezi jana mwenzangu Janelle aliyatumia ya kwake, akaita gari bila saba, akafukuzwa kazi."

Ardis alizitazama kucha za mwenzake, zimeanza kuwa za bluu. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta, kisha akajilaza juu ya zulia na kuivuta sketi ifunike magoti.

"Sasa niulize mimi. Kumi! Andika kumi na moja kama pana nafasi."

Trista alikuwa ameshainua simu.

Baada ya dakika nane waliingia wanaume wawili na machela, theluji viatuni. Wakamwinamia Ardis.

"Si mimi, yule pale!"

"Mama, tumeitwa kwa ajili yako," alisema yule mrefu.

Borghild alikuwa amesimama na birika. "Karibuni, mmepigwa na baridi. Mnatia maziwa?" Kahawa ikamwagika mezani, kando ya kikombe. Yule mrefu akazitazama kucha za bluu, akautazama uso, akamdaka yeye na birika pamoja. Walipombandika nyaya kifuani na karatasi ikatoka kwenye mashine ya kupima moyo, hawakuuliza namba.

"Huyu anaondoka sasa hivi."

"Lakini fomu ni ya Bibi Ardis," Trista alilia.

"Basi andika Ardis kaondoka," alisema Ardis kutoka zuliani.

"Waombe radhi vijana hawa, Ardis," Borghild alinong'ona akisukumwa mlangoni.

"Nitawaomba. We pumua tu."

Ardis alibaki pale chini. Trista hakuthubutu kumwinua, maana kwa mujibu wa fomu hakuwepo. Saa saba, muuguzi akiwa bado hajafika, hospitali ilipiga simu: mshipa wa moyo umezibuliwa, na mgonjwa Ardis Tollefson hajambo, isipokuwa anang'ang'ania kutandika kitanda mwenyewe.