Kibuyu Kikavu cha Nyamusi

Kibuyu cha maziwa ya mala kilining'inia ukutani, kikavu. Nyatichi alikifungua, akanusa, akamgeukia kaka yake.

"Ng'ombe kumi na mmoja wako nje, Onchiri. Mtoto anakunywa nini?"

"Uji wa maji. Si wewe ndiye uliyetufundisha, daktari?"

Nyatichi alikuwa mtafiti, si daktari, na Onchiri, mchuuzi wa ng'ombe hapa Ogwedhi, alilijua hilo. Wiki tatu zilizopita, katika somo la afya la Sabato alasiri, Nyatichi alisimama kanisani akaeleza kazi ya maabara yao: seli za saratani ya damu hupeana ishara kwa kalsiamu, na ishara ile ikikatizwa, nyingi hufa. Washiriki waliitikia amina. Aliifurahia amina ile kuliko ilivyompasa.

"Nikaamua kung'oa mzizi," Onchiri alisema. "Maziwa hapana, dagaa wa omena hapana, chochote chenye kalsiamu hapana. Na ile sindano ya saratani ya hospitali ya Homa Bay inamtapisha tu. Ya nini tena?"

"Umeacha sindano?"

"Tangu Sabato ile."

Nyamusi, bintiye Onchiri wa miaka saba, alikuwa amelala kwenye kochi. Shingo yake iliunguza kiganja cha shangazi. Vidoa vyekundu vilikuwa vimerudi miguuni.

"Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa! Ugonjwa haukosi kitu, mtoto ndiye anayekosa. Dawa tunayoitafuta haijampa nafuu mgonjwa hata mmoja, nawe umemwachisha ile inayofanya kazi!"

"Hayo ya mgonjwa hata mmoja hukuyasema kanisani."

Sentensi ile ilikuwamo kwenye karatasi ya Nyatichi. Aliiruka kwa sababu ingewapoza watu.

"Mbebe. Gari liko nje."

Hospitalini Homa Bay, muuguzi aliandika homa, uzito, na wiki tatu zilizopotea. "Daktari atapima uboho upya. Nani aliwashauri muache dawa? Mganga?"

Onchiri alitazama sakafu. Hata sasa alikuwa radhi kumficha dada yake, na jambo hilo lilimkasirisha Nyatichi kuliko yote.

"Si mganga. Andika Nyatichi Omanga, mtafiti wa saratani ya damu."

Kalamu ya muuguzi ilisimama.

"Andika," Nyatichi alisema, "kabla sijapata maneno mazuri zaidi."