Sinki Likae Wapi

Bomba la chini ya sinki lilipasuka Sista akiwa sokoni. Aliporudi alikuta maji yametapakaa jikoni, makabati ya chini yamevimba na milango yake imeachia. Alivua viatu, akafunga maji, akapiga picha na kuwatumia wanawe watatu. Chini ya picha akaandika: "Jiko limekufa."

Hapo ndipo raha yake ilipoanza. Najua inasikika vibaya, lakini subiri kwanza.

Sista hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ukabaki kumwita kwa jina la kazi hata baada ya sare yake kugeuka tambara la kufutia madirisha. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Wanawe walikuwa wametawanyika, kila mmoja na nchi yake na saa zake: kifungua mimba mhasibu, binti wa kati mwalimu, na kitinda mimba mtu wa kompyuta, ambaye kazi yake Sista aliieleza kwa majirani kwa kuchezesha vidole hewani. Watoto wema, asikudanganye mtu. Kila Jumapili walipiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, baba. Nyie?"

"Hatujambo. Jua huko?"

"Jua."

"Haya, Mama. Tutaongea."

Simu ilikatika kabla chai haijapoa. Hapakuwa na ugomvi wala kinyongo. Hawakuwa na la kusema tu, na mtu asiye na la kusema huaga mapema.

Basi jiko likafa, na maneno yakafufuka. Kifungua mimba alifungua kundi kwenye simu akaliita "Jiko la Mama", na kabla ya jioni alikuwa amechora ramani kwa rula. Yeye alitaka jiko la kazi: sinki, friji na jiko la gesi vikae pembetatu, mpishi ageuke tu bila kutembea, soketi ziwe mbali na maji, droo ziwe na kina cha kumeza sufuria na mifuniko yake. Binti wa kati alitaka jiko la kupendeza. Alituma picha za majiko meupe yasiyo na hata kishikio mlangoni, majiko safi mpaka ukajiuliza kama kuna kitunguu kilichowahi kukaangwa humo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili walianza kupigana pembe tangu wakinyang'anyana beseni la kuogea. Kitinda mimba aliwaacha waumizane, kisha akampigia mama yake kumuuliza mwanga utatoka upande gani.

Halafu kila mmoja akaanza kumpigia Sista kivyake. "Mama, usimsikilize yule, hajui kupika." "Mama, mweleze kaka yako—namaanisha mwanao—kwamba jiko si ofisi." Sista alibembelezwa kama mpiga kura wakati wa kampeni. Asubuhi alikuwa upande wa huyu, mchana upande wa yule. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Fundi aliyeletwa alikuwa seremala mrefu, mpole, mwenye penseli sikioni. Alikuwa na utaratibu wake. Alivunja makabati mabovu, akafagia, kisha akachora jiko zima kwa chaki sakafuni na ukutani, kwa ukubwa wake halisi. Akapima urefu kutoka sakafuni hadi kiwiko cha Sista, ili meza isimchoshe mgongo. Ndipo akarudi nyuma akakunja mikono.

"Haya, Mama. Pika hewa."

"Nipike nini?"

"Hewa. Chukua mboga kwenye friji ile ya chaki, osha, kata, bandika jikoni. Mimi sikati ubao mpaka mwenye jiko apike. Karatasi inakubali kila kitu, lakini mkono haudanganyi."

Sista alicheka, kisha akapika. Alifungua mlango usiokuwepo, akatoa nyanya zisizokuwepo, akageuka, na sinki lilikuwa pale pale mkono wake ulipotua. Aliosha, akasogea hatua moja akakata, akanyoosha mkono kuchukua kijiko, na droo ilikuwa ikimngoja. Mwanga wa dirisha uliangukia ubao wa kukatia bila kumpiga machoni. Maisha yake yote alikuwa amepika kwa kuzunguka, na hapa hakuzunguka. Lilikuwa jiko lake, halina kasoro.

Moyo ukamshuka. Kama jiko halina kasoro, litajengwa. Likijengwa litakwisha. Na likikwisha, ile "Haya, Mama, tutaongea" itarudi.

"Hapana," alisema. "Sinki halijakaa sawa."

Fundi alimtazama, akatazama chaki, akachukua tambara.

Sinki likahamia chini ya dirisha, likarudi ukutani, likaenda pembeni karibu na mlango ambako hata paka asingelifurahia. Lilipotulia, Sista aliuliza mlango wa friji unafungukia wapi. Friji ilipotulia, aliingiwa na shaka kwamba upepo wa dirishani utazima moto. Kila shaka aliipeleka kwenye kundi, na kila ikifika, simu zilianza kulia. Kifungua mimba alituma ramani mpya. Binti wa kati alikasirika, na akikasirika huongea sana. Kitinda mimba alijifunza kuchora jiko kwenye kompyuta, akawa anamzungusha mama yake humo ndani, huku akimsimulia mengine ambayo hayakuhusu jiko: bosi wake, goti lake linalouma, msichana mmoja ambaye bado hajajua kama anapendwa. Sista alijua kilichokuwa kinaendelea, naye hakuona haya hata chembe. "Haraka haraka haina baraka," alimwambia Fundi, na Fundi akafuta chaki.

Kimwili, aliteseka. Alipika varanda, kwenye jiko dogo la gesi, ameinama. Vyombo aliviosha bafuni. Mbao za Fundi zilijaza sebule mpaka pakabaki kiti kimoja cha kukalia, na hakuna mgeni aliyelalamika, kwa kuwa hapakuwa na mgeni. Lakini wakati wa kula aliiegemeza simu kwenye glasi ya maji, na ndani ya simu palikuwa na mtu anabishana. Alikula akashiba.

Fundi ndiye aliyechoka. Siku moja alifika, akaambiwa vigae vifikiriwe upya, akakaa juu ya mbao zake.

"Mama, mimi nimefanya kazi na watu wagumu. Nimefanya kazi na mke na mume waliokuwa wanaachana, kila mmoja anataka kabati lenye kufuli. Lakini hata wao walitaka jiko. Wewe jiko hulitaki."

"Nalitaka, Fundi. Tatizo vigae."

"Sawa." Aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao. "Basi nitaongea na mwanao mkubwa. Mbao zangu zinapinda."

Kifungua mimba akaitisha kikao. Mchana wa Jumamosi, Sista aliweka simu juu ya rundo la mbao, na kioo kikagawanyika vipande vitatu. Tangu msiba wa baba yao hakuwa amewaona wote pamoja. Kifungua mimba alikuwa ameota mvi, yule ambaye jana tu alikuwa anavuja makamasi. Binti wa kati alikuwa na miwani mipya. Kitinda mimba alikuwa kitandani, kama kawaida yake, na ndugu zake walipomsema alijifunika shuka kichwani, wote wakacheka. Wakakumbushana mambo. Nani alivunja birika. Nani alisingiziwa. Sista aliwaangalia tu, akaomba Mungu mtandao usikatike.

"Haya," kifungua mimba alisema hatimaye. "Mama, tumekubaliana sote, hata huyu mbishi. Tunarudi kwenye mchoro wa kwanza wa Fundi, milango iwe myeupe kama anavyotaka huyu. Jumatatu anaanza. Tumefunga."

"Afadhali," binti wa kati alisema. "Nina mitihani ya kusahihisha."

"Bado," Sista alisema.

Vipande vitatu vikamgeukia.

"Bado nini, Mama? Sinki?"

"Sinki liko sawa."

"Dirisha? Friji?"

"Viko sawa."

"Sasa tatizo nini?"

Alitafuta. Alipita jiko zima kichwani mwake, kuanzia dirishani mpaka mlangoni, akitafuta kasoro moja ya kujishikiza, na hakuiona. Alikuwa amezimaliza zote.

"Tatizo mkimaliza hamtanipigia," alisema. "Nina upweke, wanangu. Tangu bomba lipasuke sijala peke yangu. Ndiyo hilo. Sinki halijawahi kuwa na neno."

Binti wa kati alivua miwani. Kitinda mimba alikaa kitako, akatazama pembeni, mahali ambapo kamera haikufika. Kifungua mimba tangu utotoni alikuwa mtu wa kutibu kila maumivu kwa mpango; hata baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyepanga viti.

"Mama, hilo si tatizo la kushindwa," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Tutaweka zamu. Jumatatu mimi, Jumatano huyu, Ijumaa yule. Jumapili anayepata nafasi. Hutakaa bila simu."

"Ndiyo," wengine wakadakia. "Zamu."

Sista alizijua zamu. Alizifanya ujana wake wote. Alijua uso wa mgonjwa anayeona muuguzi anaingia wodini kwa sababu saa imefika, anamshika kipaji cha uso, anatazama saa ya mkononi, anakwenda kitanda cha pili. Hakuna ubaya wowote katika zamu. Wagonjwa wengi wamepona kwa zamu.

"Asanteni, wanangu," alisema.

Fundi alipiga kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Meza ikakaa kimo cha kiwiko, sinki likakaa mahali pake pa kwanza, droo zikateleza bila kelele, milango myeupe ikajifunga yenyewe taratibu ukiisukuma kwa kidole. Majirani walikuja kuchungulia, wakasifu, wakaenda kwao. Fundi alipokusanya vifaa vyake alisimama mlangoni kidogo. "Sasa pika ya kweli, Mama," alisema, naye akaenda zake.

Sista akapika. Hakuzunguka, hakuinama, hakutafuta kitu. Chakula kiliiva upesi kuliko zamani, na alipokaa kukila, siku ilikuwa bado ndefu sana mbele yake.

Zamu hazikukosekana, na hilo lazima lisemwe. Wale watoto walikuwa waaminifu.

"Mama, hujambo? Jiko vipi?"

"Zuri."

"Kila kitu kinafanya kazi?"

"Kila kitu."

"Tunamshukuru Mungu. Jua huko?"

Kitinda mimba hakurudia habari za yule msichana. Sista alimuuliza, akajibu "Tupo tu, Mama," kwa adabu. Habari zile zilikuwa zinatoka zenyewe wakiwa wanatafuta pa kuweka taa. Ukiziita kwa jina hazitoki. Binti wa kati hakukasirika tena, na kutokukasirika kwake kulikuwa kufupi sana.

Jumatatu moja kifungua mimba alipiga kwa wakati wake. Waliulizana hali. Waliulizana jua. Sista alikuwa amesimama mbele ya meza yake nzuri, na ndani ya simu alisikia vidole vya mwanawe vikigonga kompyuta, kazi za ofisi zikiendelea.

"Haya, Mama—"

Aliijua hiyo "haya".

"Mlango wa kabati la juu umelegea," alisema.

Vidole viliacha kugonga.

"Umelegea? Upi?"

"Huu wa karibu na dirisha."

"Bawaba ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

"Nilisema! Nilisema zile bawaba ni nyepesi, nikaonekana mkorofi. Haya ndiyo mambo ya yule binti yako na milango yake isiyo na vishikio. Mtu anausukuma kutwa nzima, utaacha kulegea? Unafunga?"

Sista alisukuma mlango kwa kidole. Ukajifunga wenyewe, taratibu, bila sauti.

"Haufungi, baba."

"Ngoja. Ngoja, usikate, nawaita na wenzangu. Leo atanisikia." Kiti kilisogezwa huko aliko, na mlango wa ofisi ukafungwa. Sauti yake ilikuwa imechangamka kabisa, sauti ya yule mtoto wa ugomvi wa beseni. "Nitumie picha, Mama. Piga karibu, nataka kuiona hiyo bawaba."

Njia ya mwongo ni fupi, na Sista aliuona mwisho wake pale pale, umenyooka, mweupe, umekaa sawa.

"Subiri, baba," alisema. "Usikate."

"Sikati."

Aliilaza simu juu ya meza, mwanawe akiendelea kulalamika humo ndani na sauti ya binti wa kati ikiingia juu kwa juu kumjibu. Akavuta kigoda. Akatoa kisu cha mezani kwenye droo, akapanda, akafungua mlango wa kabati na kuingiza ncha ya kisu kwenye skrubu ya juu. Fundi alikuwa ameikaza kweli kweli, ikabidi atumie mikono yote miwili.