Kadi Iliyolala Kwenye Bati la Biskuti

Miaka miwili nyuma Lamduan alibabuka ngozi mwili mzima, akatoka hospitali na macho makavu yasiyotoa hata chozi, ya kutiwa dawa ya matone kila siku. Daktari alimwambia wazi kwamba ni vidonge vya jongo, ule ugonjwa wa kuvimba viungo, vilivyomkataa, akampa kadi ya kutembea nayo. Majirani walikuwa na lao. Mgonjwa wa jongo hali machipukizi ya mianzi, walisema, naye alikula supu yake bakuli mbili! Lamduan akawasadiki majirani. Kadi akaitia kwenye bati la biskuti pamoja na vidonge vilivyobaki, maana dawa nzima haitupwi.

Basi mdogo wake Khamphan, mchoma kuku wa stendi ya mabasi ya mji wa Khon Kaen, alipovimba kidole gumba cha mguu, Lamduan alimpa vidonge vile kwa mkono wake mwenyewe. Akamwonya asiguse mianzi.

Wiki ya tatu Khamphan alikuja kwake asubuhi na homa, macho mekundu, midomo imevimba. Alisema mkewe anashuku homa ya dengi. Lamduan akamfunua shati. Kifua kilikuwa na madoa mekundu, na madoa yale aliyajua.

“Umekula mianzi, wewe.”

“Sijala, dada. Tangu uliponikataza, hata harufu yake naikimbia.”

Khamphan hakuwahi kumdanganya. Lamduan akaliendea bati la biskuti. Alifungua bati, akaisoma kadi kwa mara ya kwanza hadi chini: jina la dawa, kisha mstari mdogo kwamba ndugu wa damu wapimwe kabla ya kupewa. Akampakia mdogo wake kwenye pikipiki, wala hakufunga mlango.

Hospitalini alimpa muuguzi kadi na vidonge.

“Kadi ni yangu, mgonjwa ni huyu. Na dawa nimempa mimi.”

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini alilirudia neno hilo kwa daktari pia. Siku ya sita daktari akasema ngozi haitabanduka zaidi. Dawa ilikatizwa mapema.

Lamduan akaketi kitandani, akamweleza mdogo wake yote. Khamphan alijiinua kwenye mto.

“Kwa hiyo wiki tatu nimejinyima mianzi bure?”

“Bure, mdogo wangu. Nisamehe.”

“Kesho niletee bakuli mbili. Moja ya kwako.”

Lamduan alilia kwa sauti, bila chozi hata moja, na Khamphan akanyoosha mkono kumtilia dawa yake ya macho.