Fungu la Elimringi

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka 1942, kule Machame, mzee Ndelilio alichinja beberu akaigawa nyama kama ilivyogawiwa tangu enzi za babu zake: kichwa cha nani, mgongo wa nani, na mbavu tatu za kushoto za kifungua mimba wa marehemu kaka yake. Kifungua mimba huyo, Elimringi, hakuwapo. Keya, askari wa Mwingereza, walikuwa wamemchukua vitani mwezi wa nane, akapandishwa treni pale Moshi, na hakuna aliyeambiwa anakopelekwa. Lakini mtu hapotezi fungu lake kwa kuwa hayupo. Mama yake, Tabitha, alilifunga kwa jani la mgomba akaenda nalo nyumbani.

Alilitundika darini, juu ya meko, lipate moshi. Hakutarajia makubwa, maana nyama ni kama mgeni, siku ya tatu huanza kuchosha. Siku ya nne alipanda kuitazama akaikuta imeganda. Ilikuwa ngumu kama jiwe, ina sakitu nyeupe ya barafu pande zote, na moshi wa meko uliipita kando. Tabitha alipuliza vidole, akashuka, akaendelea kumenya ndizi. Alielewa bila kuambiwa kwamba maadamu Elimringi anapumua, fungu lake halitaoza.

Habari hazikuganda. Ruth, jirani wa mpakani, alikuja wa kwanza na kibuyu cha maziwa, na kabla ya Pasaka dari ilikuwa imejaa vitoweo vya kijiji kizima. Tabitha aliweka masharti. Maziwa yafunikwe. Nyama mbichi ikae chini na iliyopikwa juu, damu isije ikadondokea chakula cha mtu. Kilichoyeyuka hakirudi darini, kinapikwa siku hiyo hiyo. Na watu wasipandepande ovyo, wakaitoa baridi nje. Mwaka ule hakuna mtoto aliyeharisha.

Walikuja kufuata vya kwao tu. Walichukua, wakaaga, na wakishavuka mfereji mmoja wao husema asiye na mwana aeleke jiwe, wenzake wakacheka kidogo. Tabitha alisikia. Jioni alikula peke yake, akilisimulia lile fungu kwamba kahawa imeingiwa na wadudu na hakuna wa kuipogoa. Alikuwa mpweke sana, na hakuwa na mwingine wa kumwambia.

Mwaka uliofuata alifika bwana afya, Yunusu, kijana wa mjini mwenye baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alipanda darini, akagusa sakitu, akanusa vibuyu kimoja kimoja.

"Safi. Ila hiki cha mwisho kitafutiwe kifuniko."

"Nitakitafutia. Na mwanangu je? Serikali ilikompeleka ni wapi?"

"Hiyo siyo idara yangu, mama," alisema Yunusu, akasukuma baiskeli yake kuteremka mlima.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1944, Tabitha aliamshwa na matone yaliyokuwa yakizima moto wake. Mbavu za Krismasi mbili na Pasaka mbili zilikuwa zimelainika zote. Alikaa sakafuni kwa muda. Kisha alizinusa, akaona bado ni nzima, akazipika na ndizi kwenye chungu kikubwa, akala huku analia.

Ruth alikuja mchana.

"Mama Elimringi, baridi imekwenda wapi?"

"Amekufa."

"Pole sana, dada." Ruth alitazama darini. "Na maziwa yangu?"

Walichukua vyao wote kabla jua halijatua. Tabitha alimwendea mchungaji ampigie mwanawe kengele ya msiba, mchungaji akataka barua ya kifo. Akateremka kwa miguu hadi Boma la Serikali, karani akamwambia Keya hawajaleta barua, na asiye na barua huhesabiwa mzima. Alirudi mara tatu. Karani alimjibu kwa upole, maneno yale yale.

Krismasi ikafika. Ndelilio alichinja, akaweka kando mbavu tatu za kushoto.

"Shemeji, mwanangu amekufa," alisema Tabitha. "Usimkatie tena."

"Najua, mke wetu. Lakini Serikali haijasema. Nikimnyima fungu lake, nitakuwa nimemuua mimi."

Tabitha alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika darini kama kawaida. Siku ya tatu likanuka. Alilifunga kwa jani la mgomba, akachimba shimo kihambani, kwenye migomba yake, pembeni ya kaburi la baba yake Elimringi, akalizika.

Pasaka wakamletea lingine.