Kibati Kilichopakwa Mara Tatu

Uliona. Usiniambie hukuona. Kibati kilipomponyoka Mkaguzi kikagonga sakafu ya saruji, kilibanduka ukingoni kipande cha rangi, chembamba kama ganda la kitunguu, na chini ya ule weupe pakatokea njano. Tulikuwa kwenye foleni ya kupokea vibati, karibu wote wazazi. Mmoja akaanza kukohoa bila kikohozi. Mwingine akaweka simu sikioni, na simu yenyewe haikuwa imeita. Wewe uliinama kufunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa ndala.

Mkaguzi alikiokota, akakifuta kwenye suruali, akaiziba ile njano kwa kidole gumba. "Kiko sawa," akasema. "Anayefuata."

Na sisi tukasogea.

Nitakieleza hicho kibati polepole, maana najua mtu anaweza kushika kitu mkononi kila Jumamosi na bado akajitia hamnazo. Injini za vigari vya mbio vya watoto katika klabu yetu ni zilezile za wakubwa. Kinachozitofautisha ni kibati cha chuma, kidogo kuliko kiganja, kinachokaa kati ya kabureta na injini. Katikati kina tundu. Tundu likiwa dogo, injini inavuta pumzi kidogo na kigari kinakwenda mwendo wa mtoto. Likiwa kubwa, injini inashiba. Rangi ya kibati ndiyo jina la daraja. Kijani ni la wadogo. Wakubwa hawawekewi kibati chochote. Na kwa hawa wa katikati, ambao miguu imerefuka kabla ya akili, kamati imetuletea mwaka huu Daraja Jeupe.

Kitu kimoja hakikuguswa, nacho ni breki. Breki za vigari vya watoto zilipimwa kwa pumzi ya kijani. Mpe mtoto tundu jeupe, na atafika kwenye kona ya tangi la maji na mwendo ambao mguu wake hauwezi kuuzima.

Mimi nashona. Ovaroli za watoto wenu zimepita kwenye cherehani yangu, kwa hiyo najua kiuno cha kila mtoto na mdomo wa kila mzazi. Mnaniita Spika mkidhani sijui. Ndiyo maana kwenye mikutano mnanikalisha nyuma, karibu na mlango, mahali pa kitu cha kuchomoa.

Jioni ya siku ile ya foleni nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimkuta kwenye banda la nyuma, kigari kimepandishwa juu ya matofali, mkono wake mmoja unapapasa sakafuni kutafuta spana. Binti yake alikuwa amekaa juu ya ndoo, helmeti kichwani, anafanya hesabu za shule. Huyo ndiye Sindano. Mnamwita hivyo kwa wembamba wake, na kwa jinsi anavyopenya pale msipodhani pana nafasi.

"Vua hiyo, utaiva," nikamwambia.

"Nazoea, shangazi."

"Kaka, nipe kibati chake."

"Cha nini? Unataka kukishonea mfuko?"

Alinipa. Nikatoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikakwaruza ukingo. Weupe ukatoka. Njano. Nikaendelea kukwaruza, na chini ya njano pakatokea wekundu.

Sindano alikuja kuchungulia, kidevu cha helmeti kikinigonga bega. "Kama keki," akasema.

"Rudi kwenye hesabu zako," baba yake akamwambia, na sauti yake haikuwa ile ya utani wa mfuko.

Sasa sikiliza, wewe uliyeinama. Kulikuwa na Daraja Jekundu. Wengi wenu mlikuwa hamjaingia klabu, lakini waliokuwepo wapo bado, na mmoja wao ni Mwenyekiti. Kulikuwa na mtoto wa mwoka mikate, aliyeshindwa na kona ya tangi. Ovaroli yake niliishona mimi, ya buluu, na mama yake alinirudishia imekatwa kwa mkasi wa hospitali kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi nyonga. Aliniuliza kama inashoneka. Hakuwa akiuliza habari ya ovaroli. Kisha tanuri lile likazimwa, ile familia ikahama, na Daraja Jekundu likafutwa kwa heshima zote. Watoto wote wakarudishwa Kijani.

Kijani kikakaa misimu kadhaa. Wazazi wakaanza kunung'unika: watoto wanasinzia, watoto wanahama, klabu za wenzetu zina daraja la kati. Likaja Daraja la Njano. Jipya kabisa, walisema. Humo alikuwemo kijana mliyemwita Mshale. Kona ileile ya tangi. Njano likafutwa, Kijani kikarudi, na wazazi wakaanza kunung'unika upya.

Nilidhani walau walikuwa wakitengeneza vibati vipya. Kumbe wananunua rangi tu. Funika kombe, mwanaharamu apite. Na mwanaharamu mwenyewe ni mtu yeyote mwenye kumbukumbu.

"Dada," kaka akasema, "tundu limepimwa. Rangi ni rangi. Nyumba ikipakwa upya, unaihama?"

"Nikijua mtu alitolewa humo amebebwa, naihama."

"Kijani kimemchosha huyu. Umemwona? Anaendesha kama anayepeleka maziwa. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuacha. Tangu nimwambie habari ya Nyeupe anaamka kabla yangu, anafagia banda. Unataka nimwambie nini? Kwamba shangazi yako amekwaruza rangi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Mwambie wewe. Mdomo unao."

Sindano alikuwa ameinamia hesabu zake, lakini penseli ilikuwa imesimama. Mlangoni alisimama wifi yangu na beseni la nguo. Alikitazama kile kibati kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama chuma. Kisha akaenda kuanika.

Alhamisi kukawa na mkutano, kwenye kile chumba cha juu ya duka la matairi. Ulikuwepo, ulikaa karibu na dirisha. Mwenyekiti wetu huuza bima, kwa hiyo hulitamka neno ajali kwa upole, kama jina la mteja mzuri. Alisimama, akarekebisha mkanda, akasema, "Ndugu wazazi, nataka niwaondoe wasiwasi unaopandwa na watu. Katika Daraja Jeupe hakuna mtoto aliyewahi kuumia."

"Hakuna aliyewahi kukimbia," nikasema kutoka mlangoni. "Mbio za kwanza ni Jumapili."

Mlicheka. Yeye pia alicheka, akanipungia mkono kama mtu anayemshukuru mpiga ngoma. Nikapita mbele na kibati cha Sindano, nikakiweka mezani, upande uliokwaruzwa juu. Nikataja nyekundu, nikataja njano, nikamtaja mwoka mikate.

Mkaguzi akasema chuma kizuri hakitupwi.

"Sijasema chuma kitupwe. Nimesema tundu ni lilelile."

"Tundu limepita kwenye pini ya kupimia."

"Na pini mmeitoa wapi, si ileile ya Jekundu?"

Mkaguzi akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akainua kiganja. "Tusibishane kwa kubahatisha. Tunaye hapa mtu aliyewahi kupata, ehe, changamoto. Mshale, simama kidogo."

Mshale ndiye anayetuinulia mti wa lango la uwanja. Klabu ilimpa kazi hiyo baada ya kutoka hospitali. Mguu mmoja umefungwa vyuma na haukunjiki, na bado mnamwita Mshale. Alisimama akishikilia kiti cha mbele yake.

"Uliumia kwenye Daraja Jeupe?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Hapana, Mwenyekiti."

"Uliumia daraja gani?"

"Njano."

"Njano lipo?"

"Lilifutwa."

"Ahsante, kijana. Kaa."

Basi. Waliotaka Nyeupe wakaombwa wanyooshe mikono. Mkono wako ulianza kupanda, ukasita usawa wa sikio, ukajikuna. Kamati ilikuhesabu.

Nilimfuata Mshale nje. Nilitaka kumtukana, Mungu anisamehe, na nilikuwa nimeshachagua neno. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mguu umenyooka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

"Shangazi, usianze," akasema. "Nikisema Nyeupe ni Njano, kesho asubuhi nani ananiajiri? Wewe? Nitakuwa nakutungia uzi kwenye sindano?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mshale. Hukufundishwa?"

"Mimi nililisikia la mkuu." Alipiga vyuma vya mguu kwa fundo la kidole. "Mkuu alisema kanyaga mafuta, kona inakubali. Guu likavunjika palepale."

Kisha, bila kunitazama, akaniambia, "Nenda ukaangalie kona ya tangi. Usiseme nimekutuma."

Nilikwenda Ijumaa. Uwanja ulikuwa mtupu, upepo unasukuma chupa ya plastiki kwenye lami. Kwenye kona zote za uwanja ule kuna matairi ya kinga safu moja, kama siku zote. Kwenye kona ya tangi kuna safu tatu. Mapya, yamefungwa kwa waya, waya bado unang'aa. Na ukutani pembeni yake wamepaka mistari na neno moja kubwa: AMBULENSI. Siku zote ambulensi ilisimama langoni. Wameisogeza hadi pale inapoweza kufika kwa kugeuza usukani mara moja.

Nilisimama hapo nikaushika ule waya. Nimeishi miaka mingi nikidhani watu hawa hawajui. Nimewapigia kelele kama mtu anayemwamsha aliyelala. Hawakulala. Wamekaa kikao, wamekubaliana mahali, wamepanga matairi. Na sasa nilijua Mshale alijuaje: ndiye waliyemtuma kuyapanga.

Leo mchana wifi alikuja kuchukua ovaroli ya Sindano. Nyeupe, na mshono mwekundu begani, alivyotaka mwenyewe. Wifi hakuivuta kuangalia mishono kama kawaida yake. Aliikunja, akaikunjua, akaiweka tena juu ya cherehani.

"Wifi," akasema, "ungeweza kuitia zipu mguuni?"

"Zipu ya nini? Inapita vizuri kifundoni."

"Ndefu." Akaonyesha kwa kidole, polepole, kutoka kifundoni kwenda juu, goti, paja, mpaka nyonga. "Miguu yote miwili. Ili wasije... ili iwe rahisi kuivua."

Alikuwa ameisikia habari ya ovaroli ya buluu kama nyinyi nyote. Aliisikia, akakaa nayo wiki nzima, akapiga hesabu ya mama, na jibu alilopata ni zipu.

"Mzuie asiende," nikamwambia.

"Kaka yako hanisikilizi."

"Na wewe unajisikiliza?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja akaziba uso kwa ovaroli. Nilipomshika bega alisema ndani ya kitambaa, "Wenzangu wote wamekubali, wifi. Nikimtoa peke yangu atanichukia. Wangetoka hata wawili, watatu, ningemtoa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyokuja kukuletea. Nimeipitisha nyumba kwa nyumba tangu mchana, na unajua nimejibiwa nini? Kila mlango mama ananong'ona sentensi hiyohiyo, na kila mlango baba anauliza kama wengine wamekubali. Mnangojana. Mmesimama kwenye foleni moja, kila mmoja anamtazama wa mbele kisogoni, na mwisho wa foleni kuna tangi la maji.

Zipu sikuitia. Ovaroli iko juu ya cherehani yangu, haina kasoro, na haitoki kwangu. Lakini kaka ataazima nyingine; namjua. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla Mkaguzi hajafunga waya na muhuri kwenye injini ya kwanza, nitakaa chini kwenye lami, mbele ya tairi la kigari cha Sindano. Nimeshamwambia mwenyewe. Aliniuliza kama sitachafuka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli kona inauma.

Mtu mmoja akikaa, wanaume wawili wanambeba kwa mabega, watu wanacheka kidogo, na mbio zinaanza. Wakikaa watano, hawana wabebaji.

Wewe una kisu jikoni na kibati kiko bandani kwako. Kifungue sasa hivi, kabla hujalala, mwite mtoto wako, ukikwaruze mbele yake mpaka aone wekundu. Kisha kesho njoo nacho mfukoni, unipe bega la kuegemea, ukae nami chini.