Bata Watatu wa Eeddo Maano

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, Eeddo Maano hupika anjera tisa, chapati laini za kumimina: nne zake, tatu zangu, na mbili za Mulki, jirani yetu, ambaye hugonga ukuta kwa kijiko akiwa tayari. Mimi hukaa kwenye kigoda karibu na jiko na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, na Eeddo huzungumza. Huzungumza kuhusu ndoto alizoota, kuhusu magoti yake, kuhusu mtangazaji wa redio asiyejua kutamka majina ya watu. Mimi husikiliza. Mpango huo ulitufaa sote wawili kwa mwaka mmoja na miezi minne.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, anjera ya nane iliungua. Niliona moshi, nikamwona Eeddo ameshika upawa hewani akitazama ukuta. Kabla sijasimama akasema anarudi kwao Sangailu. Gari linaloleta maziwa mjini lingempitia Alhamisi, majuma mawili baadaye.

Eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali, ni dada mkubwa wa baba yangu. Alikuja Garissa kwa sababu nyumbani kwetu msichana ambaye hajaolewa hakai mjini peke yake, na mimi nilikuwa nimepata kazi katika ofisi ya mifugo. Sasa, aliniambia, ameshampigia baba simu kule Bute anakoishi, na binamu yangu Qali atakuja kukaa nami. Kazi yangu haitaguswa. Qali ni mtu mwema, na anapika vizuri kuliko Eeddo. Sikuwa na sababu ya kupinga isipokuwa moja tu, kwamba sikutaka Eeddo aondoke, na hiyo ndiyo sikuweza kuitoa mdomoni.

Nimekuwa hivi tangu utotoni. Chuoni, nilipokuwa nikisomea afya ya wanyama, niliandika majibu kwenye karatasi nikampa mwenzangu ayasome mbele ya darasa. Eeddo ndiye mtu wa kwanza niliyewahi kukaa naye ambaye hakunidai maneno.

Nilichoweza kuuliza ni kwa nini. Akasema nyumba isiyo na mnyama ni kama wodi ya hospitali, safi, na kila mtu anangoja kutoka. Tangu alipojifunza kutembea alikuwa na mbuzi wa kuhesabu jioni na ngamia wa kukama. Hapa anafagia ua ule ule mara mbili kwa siku.

"Tangu uondoke mpaka urudi," akasema, "hakuna kiumbe mmoja anayenihitaji."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikamwambia anjera imeungua.

Siku hiyo kazini sikufanya lolote la maana. Nilikuwa nawaza mnyama. Mwenye nyumba wetu alipiga marufuku mbuzi tangu mbuzi wa mpangaji aliyetutangulia alipopanda juu ya gari lake na kulala hapo. Kuku Eeddo anawadharau. Anasema ni viumbe wanaokimbia kabla ya kuamua wanakokwenda. Lakini bata nilikuwa nimewaona wiki hiyo hiyo kwa mzee Shueb, mkulima wa migomba kando ya Tana, nilipokwenda kuchanja mbuzi wake. Walikuwa wakitembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama msafara unaohama. Nikafikiri, huenda hao akawaheshimu.

Jioni nilimwambia Eeddo kwamba nataka kununua bata wa kufuga, na kwamba siwezi kwenda peke yangu kwa kuwa sijui kushindana bei. Alicheka mpaka Mulki akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Eeddo akamjibu kupitia ukuta kwamba mdogo wake, yaani baba yangu, amenunua ngamia arobaini katika maisha yake, na leo binti wa mtu huyo anaomba asindikizwe kununua bata. Nikasikia Mulki naye akicheka. Lakini Jumamosi asubuhi Eeddo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Mzee Shueb alikuwa na vifaranga ishirini na sita wa siku kumi, katika zizi dogo la miti. Nilichuchumaa nikamweleza Eeddo kwa sauti ndogo yale niliyosoma: macho yawe maang'avu, kitovu kiwe kimekauka, nyuma pawe pasafi, na asimame sawasawa kwa miguu yote miwili. Na tusichukue mmoja peke yake, kwa sababu bata akiwa peke yake hulia mchana kutwa.

Eeddo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anataka kumwona mama yao.

Shueb akamwonyesha bata mkubwa mweupe mwenye madoa, aliyekuwa kwenye mfereji chini ya migomba. Eeddo akamtazama akitembea kwenda na kurudi. Akauliza amelea vizazi vingapi, kama aliwahi kumtelekeza mtoto, kama huuma watu, na kama dada zake nao ni wapole. Shueb alijibu kila swali kwa uangalifu, kama mtu ambaye posa imeletwa nyumbani kwake. Dada zake hakuwajua sana, akasema, lakini mama huyu hajawahi kumuuma mtu ila mkwe wa Shueb mwenyewe, na mkwe ndiye aliyeanza.

Eeddo akaridhika. Akaingia zizini, vifaranga wote wakakimbilia pembeni wakipandana. Badala ya kuwafuata, akakaa chini kwenye vumbi na kuwageuzia mgongo.

Nilidhani ni magoti. Akaniashiria nami nikae.

"Ndama wa ngamia anayekimbia watu hakimbizwi," akaninong'oneza. "Unakaa unajifanya una shughuli zako. Atakayekuja mwenyewe, huyo ndiye wako."

Tukakaa. Eeddo alivuta tasbihi yake, mimi nilitazama kucha zangu. Shueb alituletea chai, akaniuliza pembeni kama mama niliyekuja naye ni mzima wa akili. Baada ya muda mrefu nikasikia vidole vidogo vikikanyaga majani makavu. Mmoja wa njano alikuja kando ya Eeddo, akashika shanga ya tasbihi kwa mdomo wake, akavuta. Eeddo hakugeuka. Wa pili akaja akalala juu ya upindo wa mtandio wake. Wa tatu, mwenye doa jeusi kichwani, alikuja kumsumbua yule wa pili.

"Hawa," Eeddo akasema. Chuoni bata walipewa nusu ukurasa, na njia hiyo ya kuchagua haikuwamo.

Tuliwarudisha nyumbani kwa tuktuk, ndani ya katoni niliyoitoboa matundu. Eeddo aliishika mapajani njia nzima na kumwambia dereva apunguze mwendo kila palipokuwa na kokoto. Majina akawapa siku hiyo hiyo, majina ya ngamia aliowahi kuwa nao: Deero, Hillaac, na yule mwenye doa akamwita Mwizi, jina ambalo alisema ngamia wake naye alilistahili.

Kazi ya kuwazoesha tuligawana. Mimi nilimwonyesha kwamba usimshike bata kutoka juu, kwa maana kutoka juu ndiko anakotoka mwewe. Unaweka kiganja chini kabisa, na ndani yake sukuma iliyokatwa vipande vidogo. Ukimwinua, unamkumbatia mwili mzima pamoja na mbawa, miguu yake ikiwa imetulia mkononi. Yeye alinionyesha kukaa. Alasiri tulikaa uani tumewageuzia migongo, Eeddo akivuma kwa chini ule wimbo wa kuwanywesha ngamia kisimani. Siku ya tatu Deero alikula mkononi mwangu, mdomo wake ukinigonga kiganjani kama kidole cha mtoto anayehesabu. Siku ya tano wote watatu walipanda mapajani kwa Eeddo wakalala, naye akakaa na mguu uliokufa ganzi mpaka adhana ya magharibi, hataki kuwaamsha.

Sikuwahi kumsikia akilitaja gari wiki hiyo. Nikajiambia mambo yamekaa sawa bila mimi kufungua mdomo, na nikalala vizuri.

Jumatatu nilirudi kazini nikakuta ua kimya. Bata walikuwa kivulini, shingo zimeinama. Hillaac alikuwa akitingisha kichwa, unga wa chakula umemkaukia puani, anapumua kwa kufungua mdomo. Karai lao la maji lilikuwa limemwagwa, limeegemezwa ukutani, kavu.

Eeddo alitoka jikoni akiwa na furaha. Aliniambia wameshakua, wamekunywa vizuri jana, kwa hiyo leo amewapumzisha na maji, na kesho pia, ili wawe imara. Mnyama anayenyweshwa kila siku huwa legelege, akasema. Siku ya kuhama anakuangusha njiani. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na baba yake kabla yake, na ngamia wao walisifiwa Ijara nzima.

Nilijaza karai mpaka kwenye ukingo nikaliweka chini. Deero akatumbukiza kichwa kizima, akapuliza pua, mapovu yakatoka. Nikamshika Hillaac nikamwosha puani kwa kidole, nikamweka ndani. Alikunywa, akapiga chafya, akanywa tena. Kisha akakaa katikati ya maji yale yale na kuanza kujirushia mgongoni. Baada ya dakika chache wote watatu walikuwa ndani, wakipiga kelele, na mimi nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni nikicheka kwa sababu nilikuwa nimeogopa.

Nikamweleza Eeddo kwa upole kwamba bata hawezi kumeza chakula kikavu bila maji, na kwamba ni lazima aoshe pua. Alitazama karai.

"Wanaoga ndani ya maji yao ya kunywa," akasema. Hakucheka, nami nilijua ana aibu. Akasema mikono yake imezoea ngamia, na bata hawa akiachiwa atawaua. Jioni ile akatoa begi lake chini ya kitanda.

Siku mbili zilizofuata nilisema maneno mengi kuliko kawaida yangu, na hata moja halikuwa lile nililotaka kusema. Nilisema barabara ya Sangailu imeharibika. Akasema anaijua tangu kabla haijawa barabara. Nilisema bata watakaa peke yao mchana. Akasema Mulki yupo. Nilisema Mulki atakosa anjera. Akasema Mulki ana jiko. Nilisema Qali anaogopa ndege, jambo nililolibuni papo hapo, na Eeddo akampigia Qali simu mbele yangu. Qali akasema anawapenda sana.

Alhamisi saa nne asubuhi, Keynan alisimamisha gari mbele ya lango. Yeye ndiye dereva anayeleta maziwa ya ngamia kutoka Sangailu na kurudi na madumu matupu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Eeddo alinikumbatia haraka, akachukua begi, akatoka. Hakuwaaga bata, aliwapita bila kuwatazama.

Nao wakamfuata. Deero mbele, Hillaac, kisha Mwizi, wakavuka kizingiti cha lango wakashuka barabarani kwa mstari, vifua mbele. Keynan akaegemea mlango wa gari.

"Mama Maano," akasema, "ngamia wako mjini wamefupika."

Mulki, aliyekuwa ametoka kuaga, alilazimika kushika ukuta. Eeddo akawarudisha ndani, akafunga lango. Hakufika garini kabla Mwizi hajapita chini ya lango, na wenzake nyuma yake. Akawarudisha tena. Safari ya tatu hawakungoja hata afike. Walikuwa tayari wamekaa kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, na Keynan akasema gari haliwezi kuondoka mpaka msafara uamue. Akazima injini.

Eeddo aliinama, akamwinua Hillaac jinsi nilivyomfundisha, mbawa zote ndani ya mkono. Bata akaweka kichwa chini ya kidevu chake. Nilimwona Eeddo akivuta pumzi. Alikuwa akitabasamu, lakini alikuwa amekasirika pia, na aliyekuwa akimtazama ni mimi.

"Hawa wamesema lao," akasema. "Hawana hata mwezi mmoja duniani na wamesema. Wewe una diploma, Warsan, na tangu ile asubuhi umeniambia habari za barabara, na za Mulki, na za Qali maskini. Mimi nilikueleza jikoni kwa nini naondoka. Nikangoja. Ukaniambia anjera imeungua."

Mulki akaacha kucheka. Uso wangu ulikuwa wa moto, na kila mtu alikuwa akinitazama, hata Keynan, jambo ambalo kwa kawaida hunifanya niingie ndani. Nilitafuta jambo la kusema kuhusu bata. Nililiona, lilikuwa zuri, nikaliacha.

"Usiende, Eeddo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Si kwa ajili ya bata, na si kwa ajili ya baba. Mimi ndiye ninayekuhitaji. Nikirudi jioni, nataka niwe nimekurudia wewe."

Eeddo akanikabidhi begi lake, akageuka na Hillaac mkononi kuelekea langoni, na wale wawili wakamfuata kwa mstari.